Sauti Isiyokuwa ya Sekela

Siku Sekela alipomtukana mhandisi na mhandisi akamshukuru, ndipo alipojua kuna jambo haliko sawa.

Walikuwa wamekaa kwenye ukumbi wa kata, wakazi wa Kabembe upande mmoja wa meza, watu wa Kampuni ya Mvuke upande wa pili. Kabembe ni kitongoji cha viziwi. Walikijenga wenyewe kwenye mteremko wenye chemchemi za moto. Walipasua njia pana ili watu wawili waweze kutembea huku wanatazamana na kuzungumza bila kujikwaa, na milangoni wakaweka taa za kumulika badala ya kengele. Sekela alikuwa mwenyekiti wao, na kwa kazi alikuwa fundi wa mabomba yanayopeleka mvuke majumbani. Sasa Kampuni ilitaka kuchimba visima virefu chini ya kitongoji hichohicho ili ipate umeme wa treni za kasi za kwenda mpakani. Ilitaka watu wahame.

"Hatuhami," Sekela alisema kwa mikono. "Mwaka jana mliahidi mtachimba ng'ambo ya mto. Mmetudanganya."

Miwani aliyovaa ilisoma mikono yake na kutoa sauti ya mwanamke, sauti ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuisikia. Mhandisi Gwakisa, msemaji wa Kampuni, alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akatabasamu.

Sekela ameishi maisha yake yote kwa kusoma nyuso. Alijua uso wa mtu aliyeambiwa amedanganya ulivyo: taya hukaza, macho hutafuta pa kukimbilia. Uso wa Gwakisa ulikuwa wa mtu aliyekaribishwa chai.

Kwenye pembe ya kioo, Kivuli kiliinua mikono. Hivyo ndivyo watu walivyomwita yule mwanamke mdogo wa kwenye miwani, asiyezidi kidole gumba kwa urefu, ambaye kazi yake ilikuwa kuyageuza maneno ya wanaosikia kuwa ishara. "Nawashukuru kwa kunieleza wasiwasi wenu," kilisema Kivuli kwa niaba ya Gwakisa. "Tunaelekea pazuri."

Sekela akajaribu tena. "Wewe ni mwongo, na hiyo Kampuni yako ni genge la wezi."

Gwakisa aliweka mkono kifuani, akainama kidogo. "Nashukuru kwa moyo wako wa ushirikiano," kilisema Kivuli.

Sekela akasema kitu ambacho hakina maana hata chembe: "Nguruwe wako amevaa shela ya harusi."

Gwakisa akacheka kwa furaha, akawageukia wenzake, na wenzake wakacheka pia. "Hata sisi," Kivuli kilisema, "tunaisubiri kwa hamu hiyo siku ya sherehe."

Sekela aliivua miwani, akaitupa mezani. Akapiga meza kwa kiganja, akatikisa kichwa, hapana, hapana. Wote wakamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa, na mlinzi akamletea glasi ya maji. Akachukua karatasi na kuandika: SIKUSEMA HIVYO. Gwakisa aliisoma, akaandika chini yake kwa mwandiko mzuri wa mtu asiye na haraka: "Mama, sauti yako imerekodiwa. Umekubali mbele ya mashahidi. Malori yatakuja baada ya mavuno."

*

Hakuna mtu Kabembe asiyejua Kivuli kilitoka wapi. Mikono yake ilikuwa ya Tusajigwe. Namna ile ya kuinua nyusi anapouliza, ya kuinamisha bega moja anapotaja mtu aliyekufa, yote ilikuwa ya Tusajigwe, mkalimani aliyezaliwa na mama kiziwi akajifunza ishara kabla ya kujifunza kusema. Ndiye aliyekuwa akimkalimania Sekela benki, hospitali, mahakamani na misibani, tangu wote wawili wakiwa wasichana. Waliitana dada. Watengenezaji wa miwani walipokuja kumwomba awafundishie akili bandia yao, Kabembe nzima ilifanya sherehe. Walisema, sasa kila kiziwi nchini atakuwa na Tusajigwe wake.

Sekela alimkuta nyumbani kwake, anaanua nguo. Tusajigwe alipouona uso wake, aliliweka kapu chini.

"Wamekifanya nini Kivuli?" Sekela aliuliza. "Kinabadilisha maneno yangu. Nimemwita mtu mwizi, akanishukuru. Wamekiharibu. Inabidi uje useme."

Alitegemea kumwona dada yake akishtuka. Tusajigwe hakushtuka. Alijifuta mikono kwenye kanga, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayejitafutia muda.

"Kaa kwanza," alisema.

"Sikai."

"Hawajakiharibu, dada."

Akamweleza, na Sekela alisimama akiitazama mikono ambayo aliijua kuliko yake mwenyewe. Kwa muda mrefu Tusajigwe alikuwa akifanya kazi huku amevaa vinasio vidogo, vifaa vya kunasa miondoko na sauti, vidoleni, mashavuni na kooni. Mashine ilikusanya mito miwili ya taarifa kwa wakati mmoja: mto wa mikono ya kiziwi na mto wa sauti ya mkalimani. Ilitakiwa ijifunze jinsi huu unavyogeuka kuwa ule. Lakini ilikuta mahali pengi ambapo mito hiyo haikufanana. Mikono ilikuwa imesema jambo kali, na sauti ikatoa jambo laini. Mwanzoni wahandisi walidhani ni makosa ya vinasio.

"Wakaniita," Tusajigwe alisema. "Wakanionyesha sehemu moja baada ya nyingine. Wakauliza, hili ni kosa tulifute?"

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia si kosa. Nikawaambia ndivyo kazi inavyofanyika."

Wahandisi wakakifundisha Kivuli kulainisha vilevile, na kipimo chake wakakiita kiwango cha upatano. Kinapandishwa na kushushwa kama mwanga wa taa, na anayekishika ni yule anayelipia miwani. Zahanati ilikiweka chini. Kampuni ya Mvuke ilikipandisha hadi mwisho.

"Mkalimani anapoona watu hawaelewani," Sekela alisema, "husimamisha mazungumzo. Anasema wazi, mimi mkalimani naomba ufafanuzi. Pande zote mbili zinaona kuna shimo, zinalifukia pamoja. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hivyo."

"Ndivyo nilivyofanya mara nyingi."

"Na mara nyingine?"

"Mara nyingine nililifukia peke yangu." Tusajigwe alisogea karibu. "Dada, hukuwahi kusikia wanavyowasema. Kiziwi akikasirika wanasema ni kichaa. Wanafunga faili. Nilitaka upate kitanda cha hospitali. Nilitaka upate mkopo. Nilikupunguzia makali tu, kidogo, ili wakusikilize."

Sekela akakumbuka jambo moja, akatamani asiulize, akauliza.

"Ambakisye alipokuja. Ulimwambia nini?"

Ambakisye alikuwa kaka yake, anayesikia na asiyejua ishara. Mama yao alipofariki, alimzika bila kumwambia Sekela, akisema angekuja tu kukaa kama gogo wakati watu wanasikiliza mahubiri. Sekela alizipata habari wiki iliyofuata kutoka kwa muuza mkaa. Ambakisye alipokuja kuomba radhi, Sekela, kupitia kwa Tusajigwe, alimwambia hatamsamehe mpaka siku atakayokufa, na akifa asije kumzika. Ambakisye alilia pale pale. Lakini tangu hapo amekuwa akija kila Krismasi na kikapu cha parachichi, anakaa, anakula, anaondoka. Na Sekela, mwaka hadi mwaka, alianza kumpenda tena kwa ajili ya hilo. Mtu aliyeambiwa maneno mazito kama yale na bado akarudi, alijiambia, huyo ana moyo.

Tusajigwe alikuwa anatazama chini. Kwa kiziwi, kumwondolea mtu macho ni kumfungia mlango. Sekela alimshika kidevu, akakiinua.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia umeumia sana," Tusajigwe alisema. "Na kwamba yeye bado ni kaka yako. Kwamba akupe muda."

Kuku alipita katikati yao akidonoa. Sekela alimtazama kuku huyo kwa muda, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kumtazama mtu.

"Kwa hiyo hakunisikia," alisema hatimaye. "Sijawahi kuzungumza na kaka yangu. Sijui nimezungumza na nani maisha yangu yote. Watu wanaonisalimu sokoni wananisalimu mimi, au wanakusalimu wewe?"

"Dada..."

"Usiniite hivyo."

*

Aliandika malalamiko kwa Baraza la Ardhi la mkoa, na Baraza likapanga siku ya kuyasikiliza. Habari zilienea Kabembe kabla barua ya Baraza haijafika. Asubuhi moja taa ya mlangoni ilimulika, na akaingia Atupele, jirani yake, kiziwi pia, amembeba mtoto mgongoni.

"Nasikia utaomba miwani ipigwe marufuku."

"Nitasema kilichotokea. Wataamua wenyewe."

"Wataikusanya yote. Unawajua. Hawatachagua ya Kampuni na kuacha ya zahanati." Atupele alimshusha mtoto, akamweka mapajani ili mikono iwe huru. "Nilipokuwa najifungua nilikuwa natoka damu. Daktari alikuja usiku, hakuna mkalimani mkoa mzima, wote wameacha kazi tangu miwani ije, hata Tusajigwe. Kivuli kilinieleza kila kitu. Kwa nini wananipasua, wapi, nitaamka saa ngapi. Dada yangu mkubwa alijifungua kabla ya miwani. Walimpasua amefungwa mikono kwa sababu alikuwa anapigana nao. Alidhani wanamuua."

"Na siku watakapokuuliza kama unakubali wakufunge kizazi," Sekela alisema, "ukasema hapana, Kivuli kikasema ndiyo, kwa upole?"

"Siku hiyo sijaiona. Niliyoiona ni ile ya damu."

Mtoto alinyoosha kidole kuelekea birika linalotoa mvuke, kisha akafungua na kufunga vidole, ishara ya moto aliyojifunza kwa mama yake. Hakukosea. Wanawake wote wawili waliiona, na hakuna aliyetabasamu.

"Nyumba zetu zinaweza kujengwa mahali pengine," Atupele alisema akisimama. "Mimi siwezi kujengwa mahali pengine."

Baada ya yeye kuondoka, Sekela alikaa na spana mkononi bila kufanya kazi yoyote. Alijua Atupele hakukosea. Hilo ndilo lililomchosha. Angeweza kunyamaza, wakahama, wakapewa viwanja kule tambarare, na wanawake wakaendelea kujifungua wakijua kinachoendelea. Tusajigwe angekuwa amefikiri hivyohivyo, aliwaza. Angekuwa amepima, akaona faida ni kubwa, akaamua kwa niaba ya wote bila kuwauliza. Wazo hilo ndilo lililomfanya ainuke.

*

Baraza lilikataa miwani itumike kumhoji mtu anayeilalamikia. Lilikataa pia maandishi peke yake, kwa kuwa upande wa Kampuni ulikuwa na haki ya kumhoji shahidi ana kwa ana. Ilibidi awepo mkalimani wa kibinadamu mwenye leseni. Mwenyekiti wa Baraza, Jaji Nzowa, mama wa makamo mwenye miwani ya kawaida ya kusomea, alimpitishia Sekela kikaratasi: "Katika mkoa huu aliyebaki na leseni ni mmoja. Ukimkataa nitaahirisha, lakini siwezi kuyazuia malori katika muda huo."

Sekela alipoinua macho alimwona Tusajigwe amesimama karibu na mlango, amevaa gauni jeusi la kazi, ili mikono ionekane vizuri.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Watu wa Kabembe walikaa mbele. Gwakisa alikuwa na mawakili. Kwenye benchi la nyuma alikaa Ambakisye, ambaye Sekela alikuwa amemtumia ujumbe aje bila kumweleza kwa nini.

Sekela aliandika neno moja kwenye kikaratasi, akakirudisha. "Aje."

Tusajigwe alikaa mkabala naye. Walitazamana. Sheria ya ukalimani inajulikana: mkalimani husema "mimi" akimaanisha yule anayemsemea. Yeye mwenyewe hayupo.

"Naitwa Sekela," Sekela alianza. "Sijakubali kuhama. Nilimwita Mhandisi Gwakisa mwongo, na Kampuni yake genge la wezi."

Midomo ya Tusajigwe ilienda. Sekela hakuitazama midomo. Alimtazama Gwakisa, na akaona taya lake linakaza, na macho yake yakikimbilia kwa wakili. Kwa mara ya kwanza maneno yake yalikuwa yamefika yakiwa mazima.

Akaendelea. Akaeleza kiwango cha upatano, nani hukishika, nani hukipandisha. Wakili wa Kampuni alipoingilia, Tusajigwe aliinua mkono, akasema kwa mdomo na kwa ishara pamoja, "Mkalimani anaomba wasemaji wapokezane, ili shahidi apate kila neno," na wakili akakaa kimya akisubiri zamu yake. Kazi nzuri, safi. Sekela alimchukia zaidi kwa uzuri wake.

Kisha akafika mahali ambapo asingeweza kupazunguka.

"Mashine haikujitungia jambo hili," alisema. "Ilifundishwa na mtu niliyemwamini. Alikuwa akibadilisha maneno yangu kabla mashine haijakuwepo. Alimwambia kaka yangu kwamba nimelainika, wakati sikulainika. Mtu huyo ndiye huyu anayenisemea sasa hivi."

Mikono ya Sekela ilisimama. Midomo ya Tusajigwe nayo ilisimama. Kwa kitambo kifupi Sekela alidhani hatasema, kwamba atatafuta njia laini ya kupita, kama alivyozoea. Kisha midomo ikafunguka, na mbele ya ukumbi mzima Tusajigwe akasema, kwa nafsi ya kwanza, kwamba mtu niliyemwamini alikuwa akibadilisha maneno yangu, na ndiye huyu anayenisemea sasa hivi.

Ukumbi uligeuka kama mtu mmoja. Nyuma kabisa, Ambakisye aliinuka nusu, akakaa tena, mkono umefunika mdomo.

Jaji Nzowa alisema kitu akimtazama Tusajigwe. Tusajigwe hakumjibu. Kwanza alimgeukia Sekela na kutafsiri, ili asikose neno: "Jaji ananiuliza mimi, mkalimani, kama haya ni kweli." Kisha akamgeukia jaji, na huku anasema kwa mdomo alisema pia kwa mikono, polepole, na Sekela aliona kila kitu.

"Ni kweli. Niliulizwa kama ni kosa, nikasema si kosa. Nilidhani najenga maelewano. Nilichokuwa najenga ni ukimya."

Wakili wa Kampuni aliruka, akidai ushahidi wote ufutwe kwa kuwa mkalimani amejitangaza kuwa si mwaminifu. Jaji alimwuliza Sekela kama anataka huyu aendelee.

Sekela aliwatazama watu wa Kabembe. Atupele alikuwa mstari wa pili, amemkumbatia mtoto, anatikisa kichwa kidogo, akimwomba aishie hapo.

"Aendelee," Sekela alisema. "Leo anasema kweli. Nimeiona kwenye uso wa Gwakisa. Na naomba Baraza lisikie jambo la mwisho. Miwani hii imeokoa maisha. Kuna mama yuko humu ndani, angekufa bila miwani hii. Siombi ivunjwe. Naomba hicho kiwango king'olewe, na Kivuli kisipoelewa kisimamishe mazungumzo na kutuambia. Lakini mkiniambia nichague kati ya kutosikika na kusikika nikiwa mtu mwingine, nitachagua kutosikika. Nikiwa bubu, angalau mnajua sijawajibu."

*

Uamuzi ulitolewa alasiri ileile. Ridhaa ya Kabembe ilibatilishwa, na Kampuni ikaamriwa isilete lori hata moja mpaka kikao kipya kifanyike mbele ya mkalimani wa kibinadamu. Na miwani yote ya huduma za umma katika mkoa ikusanywe, ya zahanati ikiwemo, hadi watengenezaji watakapoondoa kiwango cha upatano na kukaguliwa. Jaji hakusema itachukua muda gani.

Watu wa Kabembe walipunga mikono hewani, makofi ya viziwi. Atupele hakupunga. Alimfunga mtoto mgongoni, akapita mbele ya Sekela bila kumwangalia, akatoka.

Ambakisye naye alikuwa ameshaondoka. Hakuaga. Sekela aliliona benchi tupu, na akajua kwamba sasa, baada ya miaka yote ile, kaka yake alikuwa amelipata jibu lake.

Tusajigwe alimfuata nje, kwenye ngazi za ukumbi. Alisimama ngazi moja chini ili nyuso zao zilingane.

"Kesho naenda zahanati ya Kabembe," alisema. "Kuna mama anakaribia kujifungua. Nimewaambia nitakuwepo kila siku mpaka miwani irudi. Na nitamwambia kila mmoja wao, kabla sijaanza, nilichokufanyia. Wanaotaka kunikataa wanikatae."

"Nenda," Sekela alisema. "Wanakuhitaji."

"Na wewe? Kikao kipya na Kampuni kinakuja."

"Nitatafuta mkalimani mwingine."

"Hakuna mwingine, Sekela. Unajua hakuna. Kumfundisha mtu mpaka apate leseni ni miaka."

"Najua."

Tusajigwe alingoja, mikono imekaa tayari kifuani, kama anavyongoja mkalimani sentensi ambayo haijaisha. Sekela aliona machozi yakimjaa, na mkono wake mwenyewe ukataka kwenda kuyafuta kwa mazoea. Akaurudisha mfukoni.

"Basi nitaanza kumfundisha mtu kesho," alisema kwa mkono mmoja, akashuka ngazi, akaelekea nyumbani kwa miguu.